Mapigo Matatu ya Mwiko

Palikuwa na nchi, na wala si zamani sana, maana buti walizovaa askari wake bado zinauzwa sokoni. Iliitwa Jamhuri ya Pumziko. Katika nchi hiyo hakuna raia aliyewahi kupigwa. Raia walikuwa wakianguka. Mtu aliweza kuanguka akiwa ameketi. Aliweza kuanguka akiwa amefungwa pingu kwenye kiti, na wako walioanguka kuanzia asubuhi mpaka saa za kazi zilipokwisha. Hospitali ya wilaya ilikuwa na wodi nzima ya walioanguka, na juu ya mlango wake kulikuwa na kibao: TEMBEA KWA UANGALIFU.

Kupiga, katiba ilisema, ni kazi ya serikali, sawa na kuchapa stempu. Raia akimpiga raia mwenzake, alishtakiwa kwa kughushi.

Huko aliishi mchinjaji mmoja, jina lake Nyambele. Shule hakukaa sana, lakini ng'ombe alimjua nje na ndani. Alikuwa na binti mmoja, Sikudhani, fundi cherehani, aliyeposwa na Mashauri, fundi baiskeli, kijana mpole mwenye meno mazuri kuliko yote mtaani. Mahari ilikwisha kupokelewa. Kilichobaki ni mafiga.

Kwa watu wa kina Nyambele, binti haolewi mpaka apitie kwenye mafiga ya bibi yake, yale mawe matatu ya jikoni. Bwana harusi hupiga magoti katikati ya mawe. Bibi wa binti humgonga begani mara tatu kwa mwiko wa ugali, ili asije akasema baadaye hakuambiwa kwamba jikoni kuna moto. Kisha humwuliza, "Umevumilia?" Naye hujibu, "Nimevumilia." Hapo hupewa mkono wa binti, watu wakala. Kwa mapigo hayo hata nzi hafi.

Tatizo ni kwamba mafiga ya Bibi Nyamizi, mama yake Nyambele, yalikuwa Lukunde, na Lukunde ilikuwa ndani ya Hifadhi ya Taifa. Miaka ishirini nyuma kijiji hicho kilianguka. Nyumba mia mbili na nne zilianguka Alhamisi moja, mbele ya matingatinga yaliyokuwa yakipita tu. Baba yake Nyambele alikataa kutoka chumbani, akaanguka pamoja na chumba. Walioletwa kutazama twiga waliletwa mwezi uliofuata.

"Mama, si tuyahamishe yale mawe?" Nyambele aliwahi kuuliza.

"Figa likihamishwa ni jiwe," Bibi Nyamizi alisema. Alikuwa na miaka tisini na mdomo wa miaka ishirini. "Na mimi sifi kabla sijamgonga yule kijana. Mungu ananingoja, nami nakungoja wewe. Kaombe kibali."

*

Ofisi ya Hifadhi ilikuwa na karani mmoja, Yustino, na picha kumi na moja za Waziri.

"Harusi ndogo," Nyambele alisema. "Watu kumi na wawili."

"Ndogo kiasi gani?"

"Si nimesema kumi na wawili?"

"Idadi nimeisikia, mzee. Nauliza ukubwa. Kuna watu wanene, wanawatisha swala."

Akampa fomu. Ilikuwa na maswali thelathini na moja. La kwanza liliuliza kama mwombaji ni mnyama. Kama ni mnyama, aruke mpaka mwisho, aweke alama ya kwato. Nyambele alijibu moja baada ya jingine, kwa herufi kubwa, mpaka akafika la kumi na nne: Je, katika shughuli hii kutakuwa na matumizi ya nguvu? Eleza.

Mtu aliyekaa sana shuleni angeandika hapana, akaenda zake. Lakini Nyambele kila alfajiri alikaguliwa nyama na bwana afya, na miaka yote alikuwa amezoea kwamba ukiulizwa kilichomo, unasema kilichomo. Akaandika: NDIYO, KIDOGO. Akaeleza mwiko, na mapigo matatu, na swali, na jibu. Kwa kuwa nafasi ilibaki, akaeleza na yaliyobaki: kwamba bwana harusi asipojibu, mapigo huanza kuhesabiwa upya, na kwamba bwana harusi akiwa mgonjwa, mkubwa wa upande wake hupiga magoti badala yake.

Yustino alisoma. Akavua miwani.

"Mzee, umeandika ndiyo?"

"Nimeulizwa."

"Miaka kumi na tisa nakaa kwenye kiti hiki. Haijaandikwa ndiyo hata siku moja." Alisema kwa upole, kama mtu anayemwona mwenzake akiingia mtoni penye mamba. "Hata wale wanaokuja na mabomu ya kuvunjia miamba huandika hapana."

"Basi nirudishie nifute."

"Kufuta ni kuharibu mali ya serikali," Yustino alisema, akainuka na fomu, akapotea nyuma.

*

Kibali kilikuja na mihuri saba. Harusi imekubaliwa. Mila itafuatwa yote kama ilivyoandikwa na mwombaji, neno kwa neno. Isipokuwa jambo moja dogo: kwa kuwa kupiga ni kazi ya serikali, Bibi Nyamizi anapumzishwa, kwa shukrani. Mapigo yote matatu yatatolewa na mtaalamu, Koplo Lameki, kwa mwiko wa serikali, ambao ni mti wa mpingo wenye urefu wa futi nne na nembo ya taifa. Mgeni rasmi atakuwa Mheshimiwa Daktari Mkunde, Waziri wa Wanyama na Furaha. Na bwana harusi afike kituoni kila Jumanne kwa mazoezi.

"Mazoezi ya nini?" Sikudhani aliuliza.

"Ya kugongwa," Nyambele alisema.

"Kugongwa kunafanyiwa mazoezi, baba?"

Jumanne ya kwanza Mashauri alirudi akichechemea, akasema si kitu. Jumanne ya pili alirudi na vidole viwili vilivyoelekea upande ambao vidole haviendi. Koplo alikuwa amempiga tatu, yeye akasema "Nimevumilia" kwa sauti, lakini Inspekta Galus, mkuu wa kituo, akasema sauti haikufika mwisho wa uwanja, basi wakarudia. Jumanne ya tatu yalibaki uwanjani meno manne ya mbele. Jumanne ya nne walimleta kwa kitoroli cha mchanga, wakamwaga mlangoni kwa Nyambele, na askari aliyekuja naye akaomba maji ya kunawa.

Daktari aliandika: ameanguka, mara nyingi.

Sikudhani alikaa chini akamwekea kichwa mapajani. Hakulia. Alichukua mkasi wake wa kazi akakata shati lililogandamana na mgongo, polepole, kama anayetarizi.

"Baba," alisema bila kuinua macho, "bado Jumanne moja kabla ya harusi. Ukiendelea kuniombea vibali, utaniozesha maiti."

Nyambele alikwenda kituoni saa ile ile kuondoa ombi lake.

"Haiwezekani," Inspekta Galus alisema. Alikuwa mtu mnene, msafi, mpenda maini. "Serikali imekwisha kusudia. Kuilazimisha isifanye ilichokusudia ni matumizi ya nguvu, nawe kwenye fomu uliomba nguvu kidogo tu. Unataka kuzidisha?"

"Nataka mkwe wangu awe hai, afande."

"Nani amesema hatakuwa hai? Unaipaka nchi matope."

Nyambele akaanguka mara mbili mle ofisini, mara ya pili kwenye kona ya kabati la mafaili. Alirudi nyumbani akitema damu, akafungua bucha, kwa sababu nyama haingoji.

*

Koplo Lameki mwenyewe alikuwa mteja wa bucha. Mtu mwembamba, mwenye mabega ya mpasua mbao. Alikuja Ijumaa kama kawaida.

"Nipe mapupu, mzee."

Nyambele alishika kisu. Alimtazama shingo kwa muda, pale ambapo kwa ng'ombe ndipo kisu huingia.

"Yule kijana ni mkwe wangu."

"Najua."

"Unamuua."

"Nikipiga polepole, ninayeanguka ni mimi," Koplo alisema. Hakukuwa na chuki katika sauti yake, wala huruma. Ilikuwa sauti ya mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. "Mimi napewa karatasi. Kinachosema karatasi ndicho ninachofanya. Karatasi ya mazoezi inasema piga mpaka Inspekta aridhike. Sasa yule huridhika lini?"

"Huna mama wewe?"

"Nilikuwa naye. Kwetu ni ng'ambo ya mto, mkabala na Lukunde. Naye alikuwa na mafiga yake. Alhamisi ile nilikuwa depo, najifunza kupiga gunia." Akapokea mapupu, akayapima mkononi. "Nawe unayo karatasi, mzee. Ile yenye mihuri. Umeisoma?"

"Nimeisoma."

"Isome yote. Watu husoma pale panapowauma tu."

Alipoondoka, Nyambele alifuta gogo la kukatia nyama, akatandaza kibali juu yake, na ratiba ya harusi kando. Alisoma kwa kidole, kama anayetafuta mfupa kabla hajashusha shoka. Ratiba ilikuwa imeandikwa na ofisi ya Waziri. Ilisema viti vya upande wa bibi harusi viko juani na vya upande wa bwana harusi viko kivulini. Kwa sababu hiyo Mheshimiwa ameridhia kuwa mkubwa wa upande wa bwana harusi. Nyambele alirudi kwenye kibali, ukurasa wa pili. Kidole kilifika mstari mmoja kikasimama. Alikaa hivyo mpaka nzi wakazoea.

Jumanne ya tano Mashauri hakwenda mazoezini, kwani hakuweza kukaa hata kwenye kitoroli. Kituo kikaandika kwamba amefuzu.

*

Siku ya harusi ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Langoni askari wa Hifadhi walihesabu wageni kumi na wawili, wakahesabu tena, wakawapima uzito. Askari waliokuja kulinda hao kumi na wawili walikuwa mia tatu na arobaini, ila hao si wageni.

Mashauri aliletwa kwa baiskeli. Sikudhani, kwa gauni lake jeupe alilojishonea, alimfunga kwenye keria kwa mipira ya kufungia mizigo, akaishika usukani na kuisukuma mwenyewe kilomita tatu. Kila gurudumu lilipopiga jiwe, Mashauri alifumba macho.

"Nikushushe?"

"Sukuma tu, mama. Baiskeli ni nzuri. Niliitengeneza mwenyewe."

Mpiga ngoma alikuwa jirani yao, Kitunda. Alipoiona Lukunde alikozaliwa, nyasi zikiwa zimefika kifuani pale palipokuwa na barabara, mikono ikamshinda. Akapiga ngoma mara mbili. Sasa ngoma ni kelele, na kelele husumbua wanyama. Askari mmoja akapiga risasi ili pawe na utulivu. Risasi ilipita katikati ya ngoma na katikati ya kiganja cha Kitunda, pundamilia mia mbili wakatimka, na utulivu ukarejea. Walimfunga mkono kwa kilemba, wakaendelea.

Mafiga yalikuwepo. Meusi bado, mvua ya miaka ishirini haikuyatoa masizi. Bibi Nyamizi aliketi juani kwenye kiti cha plastiki, khanga imemvimba ubavuni. Nyambele alijua ni nini kilichomo, hakusema.

Waziri alifika na gari la watalii nyuma yake na kamera za televisheni mbele yake. Alihutubia kwa saa moja na nusu.

"Serikali yetu inapenda ndoa," alisema. "Mimi mwenyewe ninazo tatu. Hapa mlipo palikuwa na moshi, majani ya maboga na watoto wakikimbia ovyo. Leo pana twiga. Je, hayo si maendeleo? Na mila yenu hatukuitupa. Tumeiboresha. Zamani mlikuwa na bibi mmoja na mwiko mmoja. Leo mna taifa zima."

Watu kumi na wawili walipiga makofi, isipokuwa Kitunda, aliyepiga paja kwa mkono mmoja. Inspekta Galus akaita, "Bwana harusi."

Nyambele akasimama na karatasi yake.

"Mheshimiwa, bwana harusi hawezi kupiga magoti. Ni mgonjwa."

"Ataegemezwa," Inspekta alisema.

"Kibali hakisemi kuegemezwa, afande. Kinasema, ukurasa wa pili: 'Bwana harusi akiwa mgonjwa, mkubwa wa upande wake atapiga magoti badala yake.' Na hapo juu kimeandikwa neno kwa neno, na mihuri saba. Mkubwa wa upande wake, kwa ratiba ya ofisi ya Mheshimiwa, ni Mheshimiwa."

Pakawa kimya, ule utulivu ambao askari hulipwa kuuleta. Inspekta Galus alipauka. Lakini Waziri alicheka. Ndugu msikilizaji, usimwone mjinga. Mtu huyu kwa miaka minane alikuwa amesaini taarifa zote za walioanguka, na alikuwa mtu wa kuamini anachokisaini. Alijua kwa hakika kwamba katika Jamhuri ya Pumziko hakuna anayepigwa. Aliona kamera. Aliona watalii wameinua simu.

"Mimi ni mtu wa watu," alisema, akavua koti, akapiga magoti katikati ya mafiga ya Bibi Nyamizi, kipaza sauti kikiwa bado kimebanwa kwenye tai.

Koplo Lameki alimtazama Nyambele. Kisha alitazama karatasi yake, akaikunja, akaiweka mfukoni, akafunga kifungo cha mfuko. Akainua mwiko wa serikali.

Pigo la kwanza lilivunja mfupa wa mtulinga, na spika zikaurudisha mlio wake mpaka ng'ambo ya mto. La pili lilitua kwenye bega la pili. Waziri alikuwa hajalia bado. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesoma taarifa asiyoisaini. La tatu, kwa kuwa alikuwa amegeuka kuangalia nani anafanya hivi, lilimkuta mdomoni.

"Umevumilia?" Koplo aliuliza.

Waziri alifungua mdomo, ikatoka damu na meno mawili. Neno halikutoka.

"Hajajibu," Bibi Nyamizi alisema kutoka juani. "Mwanzo."

Koplo akaanza upya. Moja. Mbili. Tatu.

Mtauliza, askari mia tatu na arobaini walikuwa wakifanya nini. Walikuwa wakimngoja Inspekta atoe amri. Na Inspekta alifungua mdomo wake, akakumbuka kwamba kutamka hadharani kuwa mtu anapigwa ni kosa, kifungu cha sita, kifungo cha miaka saba, naye kwa kifungu hicho alikwisha kufunga watu arobaini. Akaufunga. Akaufungua tena. "Mheshimiwa," alisema kwa sauti ndogo, "unaanguka."

"Umevumilia?"

Kimya. Mwanzo. Mpingo ulikuwa mwekundu sasa, nembo ya taifa haionekani. Watalii walipiga makofi kwa kufuata mdundo. Mkono wa kulia wa Waziri ulivunjika kwenye pigo la nane alipojaribu kujikinga. La tisa lilimlaza kifudifudi juu ya figa la mashariki.

"Umevumilia?"

"Nimevumilia," Waziri alisema kwenye kipaza sauti, na nchi nzima iliyokuwa ikitazama televisheni ikamsikia.

Koplo akaweka mwiko chini, akapiga saluti.

Katika dakika hiyo moja, kabla watu hawajakumbuka wako nchi gani, Bibi Nyamizi aliinuka. Akatoa ndani ya khanga mwiko wake mdogo ulioliwa ncha na ugali wa miaka sitini. Akamwendea Mashauri pale kwenye keria, akatafuta begani mahali pasipovimba. Alitafuta sana. Akamgonga mara tatu, kama anayebisha hodi kwa mgonjwa.

"Umevumilia?"

"Nimevumilia, bibi."

Akauchukua mkono wa Sikudhani akauweka kwenye vile vidole vilivyopinda. "Haya," alisema, "mmeoana. Ondokeni upesi." Sikudhani akaisukuma baiskeli ndani ya nyasi ndefu, gauni amelikunja kiunoni, akielekea mtoni.

Ndipo askari wakakumbuka kazi. Wageni wote waliobaki walianguka. Kitunda alianguka juu ya ngoma yake. Nyambele alianguka mpaka akasahau kuhesabu. Koplo Lameki alianza kuanguka pale pale akiwa bado amepiga saluti, akaendelea kuanguka garini na kituoni, mara kumi na moja, mpaka akafa. Bibi Nyamizi alikutwa amelala kati ya mafiga yake, roho imekwisha kutoka, mwiko mkononi, hakuna askari aliyekuwa amemfikia. Daktari aliandika kwamba ameanguka. Katika maisha yake ya kazi, hiyo ndiyo mara pekee daktari yule aliandika kweli.

*

Gazeti la serikali lilitoka na picha kubwa: MHESHIMIWA APIGA MAGOTI KUOMBEA NDOA. Mdomo wa Waziri kwenye picha ulikuwa kama nyanya iliyokanyagwa. Fomu ya Hifadhi nayo ilibadilishwa. Swali la kumi na nne sasa linakuja limekwisha kujibiwa, HAPANA, kwa chapa. Lakini Yustino anasema maombi ya harusi ndogo yamefika mia sita, na yote yanamwomba Mheshimiwa awe mkubwa wa upande wa bwana harusi. Mheshimiwa anajibu kwamba anaumwa.

Nyambele alikaa kituoni miezi miwili. Walimwekea mkono wa kulia kwenye mlango wa kabati la mafaili, wakaufunga mlango, wakaufungua, wakaufunga. Walitaka kujua Sikudhani na mumewe wako wapi. Hakuwaambia. Walipomwachia alifungua bucha, akajifunza kukata kwa kushoto. Siku za soko huja mtu kutoka ng'ambo ya mto na baiskeli iliyotengenezwa vizuri, ananunua nyama, anasema "Wazima," anaondoka.

Asubuhi moja foleni ilikuwa ndefu, Inspekta Galus akaipita yote akafika mbele.

"Maini, mzee. Yasiwe na mishipa." Akautazama ule mkono uliokuwa umekauka kama tawi. Alikuwa na siku njema. "Mkono wako unaendeleaje?"

"Ulianguka, afande."

"Pole."

"Nimepoa. Na mdomo wa Mheshimiwa unaendeleaje?"

Inspekta alitazama nyuma yake, watu ishirini, kila mmoja akitazama kucha zake. Kifungu cha sita kilipita usoni pake mstari kwa mstari.

"Nao ulianguka," alisema.

"Pole yake," Nyambele alisema. Akayaweka maini juu ya gazeti, ukurasa ule wenye picha, akalikunja kwa mkono wa kushoto, akamkabidhi. Damu ilikuwa imekwisha kupenya mdomoni mwa Mheshimiwa.

Hadithi imefika kwake, nami nimefika kwangu. Ukiulizwa nani alikusimulia, sema hujui, ulikuwa umeanguka.